Kifungu cha Tisa na Spika za Matanga

Jumatatu, 2 Machi

Hii diary nilipewa bure na agrovet, duka ya dawa za mifugo, hapa Rongo. Kwa jalada kuna ng'ombe wa maziwa ananiangalia kama mama mkwe. Mimi huitumia kwa kazi tu: nani ametuacha, wapi, tenti ngapi, iko mkesha ama haiko. Lakini leo niko na maneno mengi na Risper, bibi yangu, amesema ameskia, inatosha. Kwa hivyo nitamwambia ng'ombe.

Jina ni Boaz. Shule niliacha darasa la sita. Upepo ulibeba paa ya darasa, na mimi nikafuata paa. Niko na tenti, viti, jenereta, na spika nne kubwa za matanga. Kutoka Rongo mpaka Rangwe, mtu akifariki, fundi wa jeneza ni wa pili kupigiwa simu. Siombei mtu mabaya. Simu ikilia asubuhi nasema pole kwanza, halafu ndio nauliza ni lini.

Nilikuwa Migori kwa Hemed, mwenye duka ya umeme, kwa sababu spika moja imeanza kukohoa. Nikamkuta na gazeti, anacheka kidogo.

"Boaz, kazi yako imeingia Bungeni."

"Wananitaka nikawe mbunge?"

"Wanakutaka ulale mapema."

Akanisomea tangazo. Kuna muswada wa mazishi. Mtu azikwe ndani ya siku saba. Halafu kuna kifungu cha tisa: spika yoyote kwa matanga ikipita saa kumi na mbili jioni, vyombo vinachukuliwa na serikali na mwenyewe anashtakiwa. Nilicheka mpaka mteja mwingine akageuka. Saa kumi na mbili ndio mimi huwa naanza kupanga waya. Kazi yangu kubwa ni usiku ule kabla ya kuzika, vijana wanacheza mpaka jogoo, ile tunaita disco matanga. Chifu alikataza hiyo kitu kitambo, lakini chifu ni mtu, analala.

"Hii si chifu," Hemed akasema. "Hii ni sheria."

"Na wewe unaonaje?"

"Sisi Waislamu mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Spika ya nini?"

Kwa gari nikirudi nikaona kicheko imeisha. Hemed ananiuzia waya miaka yote hii, na sasa anafurahia.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Asumbi, mzee, tenti tatu, mkesha.

Jumamosi, 7 Machi

Matanga ya Asumbi imeisha vizuri, ila kwa mkesha kila taa ya gari nikiona nafikiri ni serikali inakuja kubeba spika. Nilipunguza sauti mara nne. Vijana wakaniuliza kama nimeokoka.

Jumatano, 11 Machi

Cephas ameita mkutano. Cephas ni mwenyekiti wetu sisi watu wa tenti na spika, amesoma chuo, hutembea na kofia ya kahawia hata kwa nyumba. Kila mtu alikuja ameogopa. Mmoja amesema ameskia huko Ntimaru wameanza kuchukua spika. Mwingine anataka kuuza zake kwa kanisa.

Cephas akatupigia meza. "Hakuna sheria bado. Huo ni muswada. Umesomwa mara ya kwanza Bungeni, sasa umepewa kamati. Kamati ni wabunge wachache, kazi yao ni kuufungua, kifungu kwa kifungu, na kuskiza wananchi. Halafu wanaandikia Bunge ripoti: hii iondoke, hii ibadilishwe, hii ikae. Bunge ndio litapiga kura."

Nikasema, "Kwa hivyo mwili umetoka mochari, lakini kaburi haijachimbwa. Bado watu wanaweza kusema."

Walicheka, Cephas pia. "Ndio hivyo, omera, ndugu yangu. Na kamati inakuja Homa Bay mwezi wa nne."

Huyu Cephas ni mtu wa maana. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 12 Machi

Mluzi imeisha. Nimewaza, kama kamati inaskiza wananchi, Rael jirani yangu pia ni mwananchi, na ana lake na spika zangu.

Jumamosi, 14 Machi

Leo karibu na Rangwe nimefanya ile kazi yangu ya waya. Niandike, kwa sababu hata Liz, msichana wangu, huniuliza inaendaje.

Kwa matanga watu wanaongea kwa mstari: familia, wakwe, chama, kanisa. Kuna mtu lazima ataharibu. Leo shemeji ya marehemu ameshika maiki akaanza kuuliza ng'ombe za mahari zilienda wapi, jeneza iko hapo mbele yake. Mzee wa boma hawezi kumnyang'anya maiki, hiyo ni aibu na vita. Kwa hivyo mzee anagusa kofia tu, anaangalia juu. Mimi nainama kama natafuta kitu, nashika waya nyuma ya amplifaya, navuta kidogo. Sauti inaisha. Nasema, "Poleni wapendwa, mitambo." Nikirudisha, ni wimbo. Shemeji anakaa chini akilaumu stima. Hakuna mtu ameaibika.

Wanasema, "Boaz ameshika waya." Hata watu wa mbali hunikodisha kwa sababu ya hiyo.

Jumanne, 17 Machi

Nimekutana na Rael kwa mashine ya kusaga. Ni jirani yangu, ng'ambo ya mto tu. Mwaka juzi msichana wake, Akeyo, alitoka usiku kwenda disco matanga ya kwa kina Obare, akarudi asubuhi, na baada ya miezi kadhaa tumbo ikaonekana. Alikuwa kidato cha kwanza. Mwenye alifanya hiyo kitu hakujulikana mpaka leo. Spika zilikuwa zangu, kila mtu anajua, na Rael anajua zaidi. Tangu hiyo siku ananisalimia tu kama kuna watu.

Leo kulikuwa na watu, akaniita baba Liz kwa Kijaluo kama kawaida.

"Wuon Liz, habari."

"Mzuri, min Akeyo. Mvua imetosha?"

"Imetosha. Naskia kamati inakuja Homa Bay."

"Naskia pia."

"Nitaenda," akasema. "Ile ya tisa nataka ibaki vile iko. Hata nukta wasitoe."

Nikajaribu kucheka. "Mama, muziki haijawahi kupatia mtu mimba."

Akafunga gunia yake polepole. "Ndio hiyo utaambia kamati?"

Mwenye mashine akazima injini wakati huohuo. Nikaona kila mtu ameskia.

Jumapili, 22 Machi

Mvua mpaka choo cha jirani imeanguka. Hakuna kazi. Kwa hii mvua watu wanakufa lakini barabara haipitiki.

Jumamosi, 28 Machi

Tenti moja imeraruka kule milimani. Risper amekaa siku nzima akishona na sindano ya gunia.

"Ukichukuliwa spika, tutakula tenti?" akaniuliza.

"Tutaikaanga."

Hakucheka. Risper kawaida hucheka kabla yangu.

Jumamosi, 4 Aprili

Liz amefunga shule. Yuko kidato cha tatu, Asumbi huko. Amekua, anapita mlango akiinama. Nimempeleka saiba, kwa watu wa kompyuta, tumetoa muswada wote kwa karatasi, na jioni ameusoma meza ya jikoni, Risper akichambua omena.

Nikamwambia aruke mpaka tisa. Akasema hapana, kamati huanza na kwanza. Alisoma yote. Ya siku saba ilimkasirisha: "Na kama mtoto wa mtu yuko nje ya nchi? Na kama kuna kesi ya mwili?" Nikaona mtoto yuko upande wetu. Kufika tisa akasoma mara mbili, akakunja kona ya karatasi.

"Niandikie maneno ya kusema kwa kamati," nikamwambia.

"Nitakuandikia, Baba. Lakini ujue mtu yeyote anaweza kusema. Si lazima awe mkubwa. Imeandikwa hapa."

"Hiyo inanitisha, si ati inanisaidia."

Akacheka. Halafu akauliza, "Akeyo yuko?"

Walikaa dawati moja shule ya msingi. Nikasema yuko, huonekana na mtoto mgongoni akienda mtoni. Liz akarudi kwa karatasi, lakini macho haikuwa inasoma.

Jumatano, 8 Aprili

Liz ameenda kwa Rael mchana wote. Amesema ni kuona mtoto.

Ijumaa, 10 Aprili

Hii ni ya kuandika na wino mzito. Nimepigiwa simu kutoka Homa Bay. Ukumbi waliotaka unavuja, kwa hivyo kamati itakaa nje kwa tenti, na mtu amewaambia Boaz ndio wa kuaminika. Mimi ndio nitawekea kamati ya Bunge tenti na spika.

Risper amekaa chini. "Yaani wanakodisha spika zako wakae chini yake wakiamua kuzichukua."

"Angalau wataskia vizuri."

Ameskia hiyo, akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nimecheka pia.

Jumatatu, 13 Aprili

Cephas alikuja mwenyewe, na kofia yake. Hajawahi kufika kwangu. Risper akampea chai.

"Boaz, Mungu ametusaidia. Wewe ndio uko kwa mitambo." Akaangalia mlango. "Yule mama Rael ataongea. Mama mmoja akilia mbele ya wabunge, sisi tumekwisha. Nikigusa kofia, fanya ile kazi yako."

"Hiyo ni ya matanga, mwenyekiti."

"Na hii ni nini? Ni matanga yetu. Mimi niko na seti nne na watoto watano. Wewe mtoto wako anasomeshwa na nini?"

Nikamwambia nimeskia. Sikusema ndio. Lakini pia sikusema hapana, na yeye alimaliza chai kama mtu ameambiwa ndio.

Jumanne, 14 Aprili

Nimeshika maneno ya Liz kwa kichwa. Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mfanyabiashara mdogo. Nasema hivyo kwa kuku, wanatawanyika.

Alhamisi, 16 Aprili

Tumefunga tenti Homa Bay, uwanja umeloa. Ziwa iko hapo chini imechafuka rangi ya chai. Nimejaribu maiki: moja, mbili. Nimeangalia ule waya nyuma ya amplifaya mara nyingi kuliko inafaa.

Ijumaa, 17 Aprili

Niandike yote kabla nilale, ama kesho nitaanza kuibadilisha.

Kamati walikuja wabunge saba. Mwenyekiti ni mama mmoja wa miwani, sauti ya chini, anaandika mwenyewe. Pamoja nao alikuja msichana wa Hansadi, wale wa kuandika kila neno. Akaniomba waya kutoka kwa mitambo yangu, akachomeka mashine yake na kuvaa vidude vya masikio.

"Kila kitu inapitia kwako," akaniambia. "Mtu akiongea bila maiki, kwangu hajaongea."

Hayo maneno yaliniingia vibaya.

Watu walijaa. Wa mwisho walikaa nje na miavuli. Karani wa kamati alikuwa mgeni, hajui majina ya huku, akaniomba nimsaidie kuita. Basi mimi nikashika maiki na mdomo ikaenda penye imezoea: "Tutaanza na familia, halafu wakwe, halafu chama." Uwanja mzima ulicheka. Mwenyekiti akashusha miwani.

"Bwana wa mitambo, hapa hatuziki mtu."

"Samahani mheshimiwa. Ni mazoea."

Cephas aliongea wa kwanza, vizuri, na Kiingereza ndani. Alisema kazi, vijana, utamaduni. Wabunge wakamuuliza: watoto wadogo wanaruhusiwa kwa hiyo mikesha? Akasema hiyo ni kazi ya wazazi. Mwenyekiti akaandika.

Halafu nikashangaa, Hemed amesimama, na kanzu, ametoka Migori na hiyo mvua. Nikafikiri huyu sasa ananimaliza.

"Mheshimiwa, sisi Waislamu tunazika siku hiyohiyo, na hatupigi muziki," akasema. "Lakini sikutoka Migori kuwaambia jirani zangu wamzike mama yao kama mimi. Hiyo ya siku saba itoeni. Hakuna mtu huomba ruhusa ya Bunge kungoja mtoto wake afike." Kukaa chini akaniangalia na kutikisa kichwa, kama kusema, ulifikiri nini. Nilikuwa nimefikiri mengi.

Kisha karani akanipa jina lingine na nikaliita mimi mwenyewe. Rael.

Alikuja na gauni ya kanisa, bila karatasi. Akasema jina lake na kijiji chake. Akasema, "Nataka kuwaambia juu ya msichana wangu," na Cephas, mstari wa pili, akagusa kofia.

Mkono wangu ulienda. Nataka kuandika ati nilifikiria, lakini sikufikiria. Niliinama kama naangalia kitu, nikavuta.

Sauti ikaisha. Rael akaendelea kidogo, mdomo ikisonga. Mvua ikaanza kwa tenti wakati huo, ile ya mawe madogo, na hata wa mbele hawakuskia. Msichana wa Hansadi akatoa vidude vya masikio akapunga mkono. Mwenyekiti akasema kwa nguvu, "Mama, ngoja. Haiingii."

Nikasema, "Poleni wapendwa, mitambo."

Rael akanyamaza. Hakupiga kelele, hakulia. Amekaa kwa matanga mingi, anajua hii kitu inaitwa nini. Alisimama tu na maiki yake imekufa, akiniangalia, kama mtu anangoja mvua ipite. Watu wa huku wote walijua. Wabunge ndio hawakujua. Uwanja wote ulikuwa unaangalia kama nitaweka wimbo.

Halafu nikaona viatu za Liz kando ya meza yangu, zimejaa matope. Watu walifikiri amekuja kunisaidia. Akainama karibu na mimi, akaona waya kwa mkono wangu.

"Baba," akasema polepole, "mimi ndio nafuata kwa mstari. Na mimi utanikatia?"

Sikujua ako kwa mstari; nilifikiri amekuja Homa Bay kuniskia tu. Hiyo ndio alikuwa anaenda kufanya kwa Rael.

Nilifikiria seti nne za Cephas, tenti iliyoshonwa, karo ya huyu mtoto mwenye anasimama hapa. Kama nikirudisha huu waya, haya maneno yanaingia kwa kitabu ya Bunge, na yanaweza kuchukua spika zangu. Kama sirudishi, Rael hajaongea. Atatoka hapa na gauni yake ya kanisa na itakuwa hakuja.

Nikarudisha.

Rael akaanza tena mwanzo. Alisema Akeyo alipenda hesabu. Alisema muziki ulisikika mpaka kwa kitanda ya mtoto, na watoto wa kijiji kizima walitoka kama wameitwa. Alisema, "Sikatai watu walie. Mimi mwenyewe nililia na hizo spika nikizika bwana yangu. Nakataa usiku."

Liz akafuata. Alisema siku saba haifai. Alisema kuchukua vyombo za mtu ni kumuua na familia yake. Kisha akasema, "Lakini usiku wa manane na watoto ndani, hiyo mzuie. Mimi nimesomeshwa na hizi spika mnaskia. Akeyo ndio alikuwa anafaa kuwa shule na mimi."

Mwenyekiti akauliza, "Mwenye mitambo ni nani kwako?"

"Ni baba yangu."

"Yeye ana maoni?"

Maneno yalikuwa kwa mfuko. Nikashika maiki. Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mfanyabiashara mdogo. Haikutoka. Kilichotoka ni hiki:

"Mheshimiwa, waya ni mzima. Ni mimi nilivuta."

Hakuna mtu alicheka. Mwenyekiti akauliza kwa nini.

"Kwa sababu nilimuogopa huyo mama. Kama angekuwa wa uongo singevuta."

Akaandika. Akasema, "Na juu ya kifungu cha tisa?"

Nikamwambia niachieni mchana na jioni, watu wetu wanalia na sauti, hatuwezi kulia kama tunanong'ona. Ya usiku wa manane, wafuate maneno ya huyu mtoto wangu. Nikarudi kwa meza.

Cephas aliondoka kabla ya sala ya kufunga.

Jumapili, 19 Aprili

Kwa sababu ya Ijumaa, Risper ameniwekea kichwa ya samaki, ile huwa anakula yeye.

Jumanne, 28 Aprili

Liz amerudi shule. Hakuna kazi.

Jumamosi, 2 Mei

Wamezika kule Rangwe, kwa wateja wangu wa zamani kabisa. Spika zilikuwa za Cephas. Nimeziskia kwa mbali, treble, ile sauti nyembamba, imezidi.

Ijumaa, 8 Mei

Cephas ameniita msaliti mbele ya watu kwa soko ya Rongo. Nikamwambia, "Mwenyekiti, hata wewe uliongea na maiki yangu na sikukukata." Watu walicheka. Yeye hakucheka, na nikaona macho yake ni mekundu, hajalala pia. Ana watoto watano. Nilitaka kumpea kiti.

Nimeondolewa kwa chama.

Alhamisi, 14 Mei

Mvua. Niliota mwenyekiti wa kamati ananiuliza jina, mimi nafungua mdomo, hakuna sauti. Nimeamka nikasema jina yangu. Risper akasema, "Najua."

Jumatatu, 25 Mei

Hakuna simu. Nimepangusa spika. Sijui napangusia nani. Ripoti ikisema zichukuliwe, angalau zitaenda zikiwa safi.

Jumatano, 10 Juni

Hemed amepiga. Ripoti ya kamati imewekwa mezani Bungeni. Nimepanda gari ya kwanza mpaka Migori kwa sababu sikutaka kuskia kwa simu.

Alinisomea kwa simu yake, mimi nikishika kaunta. Siku saba: kamati inapendekeza iondolewe yote. Kifungu cha tisa: kamati inapendekeza kibadilishwe. Kuchukua vyombo, kuondolewa. Spika ziruhusiwe mpaka saa nne usiku. Mkesha wa muziki wenye watoto chini ya miaka kumi na minane, ni kosa, kwa mwenye boma na kwa mwenye mitambo.

"Kwa hivyo nimeshinda ama nimeshindwa?"

"Bado," Hemed akasema. "Bunge lazima lipige kura. Wanaweza kufuata, wanaweza kukataa. Lakini ngoja, uko hapa."

Nyuma ya ripoti wameweka yote tuliyosema. Maneno ya Rael yako, mstari baada ya mstari, hata ile ya hesabu. Ya Liz yako. Halafu yangu: Mheshimiwa, waya ni mzima. Ni mimi nilivuta. Na hapo kando wameandika: kicheko.

"Hakuna mtu alicheka," nikasema.

"Wameandika kicheko."

"Hemed, wewe ulikuwa hapo. Kuna mtu alicheka?"

"Hakuna."

Nimejaribu kuwaza ni nani. Labda huyo msichana alizoea tu, mtu kama mimi akiongea anaweka kicheko.

Jumapili, 14 Juni

Mvua imeanza kupungua.

Jumanne, 16 Juni

Rael amekuja mpaka mlangoni. Hakukuwa na watu.

"Wuon Liz, habari."

"Mzuri, min Akeyo."

"Mama ya bwana yangu ametuacha. Tunazika Jumamosi. Nataka tenti mbili na spika mbili. Usiku wa Ijumaa tutaimba za kanisa, ikifika saa nne unazima."

"Sheria haijapita bado," nikamwambia, nikitaka tu kusema kitu.

"Sikuuliza sheria."

Jumamosi, 20 Juni

Jana saa nne nilizima. Vijana watatu walikuja na viatu vya kucheza wakaona mama za kanisa wanapiga miayo, wakarudi. Nililala kwa kitanda yangu kabla ya mazishi, mara ya kwanza tangu nianze hii kazi.

Leo jua limetoka. Akeyo aligawa viti, mtoto akimfuata nyuma na kijiko. Kwa mstari wa kuongea, zamu ya wakaza wana, Rael akashika maiki. Alimsifu marehemu kidogo. Halafu akasema huyu mama peke yake ndio alimpa mahali pa kulima bwana yake alipofariki, na kuna watu wamekaa hapa mbele na suti wanangoja kaburi ifungwe wamnyang'anye.

Shemeji mkubwa ya Rael, ndiye mzee wa boma sasa, akagusa kofia akaangalia juu.

Sikuinama. Akagusa tena, safari hii akinitazama kabisa. Nikaangalia juu pia, kama mtu anatafuta mvua. Hakukuwa na wingu hata moja. Rael akaongea mpaka akamaliza.